UZI: Ganda la nje la jengo linalookoa nishati na kupunguza hewa ukaa – tuanze na jua, kisha malighafi

Mleta uzi

Heshima kwenu wanajukwaa. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu mijadala mingi kuhusu majengo yanayookoa nishati huanzia kwenye vifaa: kioo cha tabaka mbili, kiyoyozi cha kisasa, paneli za sola. Ningependa tuanzie kwenye ganda lenyewe la jengo, yaani kuta za nje, madirisha, vivuli na paa, kwa kuwa hapo ndipo huamuliwa kiasi cha joto kitakachoingia au kutoka kabla ya mashine yoyote kuwashwa. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati, uendeshaji wa majengo hutumia takriban asilimia 30 ya nishati yote inayowafikia watumiaji duniani, na huchangia takriban asilimia 26 ya gesi chafu zitokanazo na nishati. Hesabu hiyo ni ya kuendesha majengo tu. Saruji, chuma, alumini na kioo vilivyotumika kuyajenga vina hesabu yake nyingine.

Hoja yangu ni kwamba ganda la nje lina mpangilio wake wa kubuniwa: kwanza mwelekeo wa jengo, pili kiasi cha kioo, tatu kivuli, ndipo malighafi na teknolojia zifuate, na katika kila hatua, hewa ukaa iliyotolewa wakati wa kutengeneza kitu ihesabiwe pamoja na ile ambayo kitu hicho kitaiepusha. Anayeziruka hatua tatu za mwanzo hulazimika kununua kwa gharama kubwa kile ambacho angekipata kwa kuchora vizuri.

Naomba tuipime hoja hiyo kwa tarakimu. Chukua dirisha la mita za mraba 10 linaloelekea magharibi katika eneo la joto. Alasiri, jua likiwa limeshuka, ukuta huo unaweza kupokea wati 600 au zaidi kwa kila mita ya mraba. Kioo cheupe cha tabaka moja hupitisha takriban asilimia 80 ya joto hilo, kwa hiyo wati 4,800 huingia ndani. Sasa linganisha na joto linalopenya kioo hicho kwa sababu tu nje kuna joto kuliko ndani. Kipimo cha U, yaani wati zinazopenya kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto, kwa kioo cha tabaka moja ni takriban 5.7, hivyo tofauti ya nyuzi joto 10 huleta wati 570. Jua lenyewe, basi, limeleta joto zaidi ya mara nane ya lile lililopenya kwa tofauti ya joto la ndani na nje. Ukiweka kioo cheupe cha tabaka mbili, chenye kipimo cha U cha takriban 2.8, utaokoa wati 290 upande wa tofauti ya joto, ilhali jua litaendelea kuingia karibu kama mwanzo. Ukiweka kivuli cha nje kinachozuia sehemu nne kati ya tano za jua, utaepusha wati 3,840, na kioo kikabaki kile kile cha kawaida.

Nasisitiza kivuli cha nje. Pazia la ndani humkinga mtu na mwanga mkali, lakini wakati miale inapoligusa pazia hilo joto limekwisha kuvuka kioo, na sehemu kubwa ya joto hilo haitatoka tena.

Katika maeneo ya baridi hesabu hubadilika sura. Tofauti kati ya ndani na nje huweza kufikia nyuzi joto 25 au 30 kwa miezi kadhaa, na jua la majira ya baridi ni msaada badala ya kuwa mzigo. Huko vihami joto vinene, kioo cha tabaka tatu chenye kipimo cha U cha takriban 0.7, na kuziba kila mwanya wa hewa ndivyo hutangulia. Nyumba ya kwanza ya mfumo wa Passivhaus, yaani wa nyumba zinazohitaji nishati kidogo mno ya kupasha joto, iliyokamilika Darmstadt nchini Ujerumani mwaka 1991, ilionyesha kwamba mahitaji ya kupasha joto yanaweza kushushwa hadi karibu kilowati-saa 15 kwa mita ya mraba kwa mwaka, au hata chini ya hapo. Ni mafanikio makubwa ninayoyaheshimu, lakini kuunakili ukuta wa Darmstadt na kuupeleka karibu na ikweta ni kujibu swali ambalo hali ya hewa ya huko haikuuliza.

Historia inatupatia ushahidi mzuri. Msanifu majengo Le Corbusier alipobuni Cité de Refuge, makazi ya wasio na makao jijini Paris, jengo lililofunguliwa mwaka 1933, aliuvisha upande wa kusini ukuta wa kioo usiofunguka, kwa matarajio kwamba mitambo ingedhibiti hali ya hewa ndani. Mfumo aliokusudia haukujengwa wote, na majira ya joto wakazi wakateseka. Baadaye yaliwekwa madirisha yanayofunguka na vikinga jua vya nje. Miaka michache baada ya kufunguliwa kwa jengo hilo, Le Corbusier alikuwa mshauri wa kundi la wasanifu wa Brazili, akiwamo Lúcio Costa na Oscar Niemeyer, waliobuni Wizara ya Elimu na Afya jijini Rio de Janeiro, na humo upande unaopigwa na jua ulivishwa luva za nje, yaani vibao vya kukinga jua, zinazogeuzwa kufuata jua. Inafaa tukumbuke kwamba somo hilo lilikuwa limekwisha kupatikana kabla ya minara mingi ya vioo tunayoiona leo kujengwa.

Sasa mwelekeo. Kwenye ikweta, jua la saa sita mchana halishuki chini ya digrii 66 hivi kutoka upeo wa macho, mwaka mzima. Upenu unaochomoza sentimita 65 juu ya dirisha lenye kimo cha mita 1.5 hulikinga kikamilifu saa hiyo, liwe linaelekea kaskazini au kusini, hata mwezi wa Juni na Desemba jua linapokuwa limeelemea upande mmoja zaidi. Asubuhi na jioni upenu huo hupungukiwa, lakini jua la wakati huo huupiga ukuta kwa mshazari na nguvu yake imepungua. Mashariki na magharibi ni suala jingine kabisa, kwa sababu jua huja likiutazama ukuta uso kwa uso. Likiwa digrii 30 juu ya upeo wa macho, upenu wa dirisha lile lile la mita 1.5 ungepaswa kuchomoza mita 2.6, jambo ambalo ni gumu kulitekeleza. Kwa hiyo pande hizo zipewe ngazi, stoo na vyoo, madirisha yawe machache na madogo, na pale ambapo dirisha haliepukiki liwekewe luva za wima au vibao vinavyofungwa kwa nje.

Kuhusu malighafi nitasema machache sasa, mengine yatajitokeza katika mjadala. Saruji huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dayoksaidi inayotolewa na shughuli za binadamu. Zaidi ya nusu ya kiasi hicho hutoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe linapopashwa joto tanurini, wala haitokani na mafuta yanayochomwa. Hata tanuri likiendeshwa kwa umeme safi, sehemu hiyo itabaki. Ndiyo maana saruji zinazopunguza klinka, yaani zao la tanuri linalosagwa kuwa saruji, kwa kuchanganya udongo mfinyanzi uliookwa na jiwe la chokaa lililosagwa zinastahili kuzingatiwa, kwani udongo huo huhitaji takriban nyuzi joto 800 ilhali klinka huhitaji takriban 1,450, na upungufu wa hewa ukaa unaweza kufikia takriban asilimia 40. Alumini nayo hutegemea umeme ulioiyeyusha: kilo moja iliyotokana na umeme wa makaa ya mawe hubeba karibu kilo 20 za hewa ukaa, ya umeme wa maji karibu kilo 4, na iliyorejelezwa hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya alumini mpya.

Karibuni tujadiliane.

Mkadiriaji Majenzi

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa hesabu zilizo wazi. Swali langu linahusu vile vikinga jua vyenyewe. Katika michoro mingi ninayoletewa, vikinga jua ni vya alumini na ni vizito. Je, haiwezekani tukawa tunaokoa umeme huku tukipoteza kiasi kile kile cha hewa ukaa kiwandani?

Mleta uzi

Inawezekana kabisa mkuu, na jibu linategemea umeme wa mahali jengo lilipo. Tuendelee na dirisha letu la mita za mraba 10. Tuchukulie kwamba vikinga jua vina kilo 10 za alumini mpya kwa kila mita ya mraba ya dirisha, na kwamba kila kilo imebeba kilo 15 za hewa ukaa. Jumla ni kilo 1,500. Joto lililozuiwa ni wati 3,840. Kiyoyozi kinachoondoa wati tatu za joto kwa kila wati moja ya umeme kingetumia wati 1,280 kuliondoa. Jua likipiga saa tatu kwa siku, siku 250 kwa mwaka, tunapata kilowati-saa 960 zinazookolewa kila mwaka.

Pale ambapo kila kilowati-saa hutoa nusu kilo ya hewa ukaa, vikinga jua hivyo hulipa deni lao katika muda wa miaka mitatu hivi. Pale ambapo umeme ni safi, tuseme gramu 50 kwa kilowati-saa, vitahitaji zaidi ya miaka 31, na huenda vikang'olewa kabla ya deni kwisha. Badilisha malighafi tu, utumie alumini iliyorejelezwa yenye kilo 2 za hewa ukaa kwa kila kilo, na miaka hiyo 31 itashuka hadi karibu minne. Mbao zingefaa zaidi pale zinapoweza kutunzwa, kwani kilo moja ya mbao kavu imehifadhi ndani yake takriban kilo 1.8 za kaboni dayoksaidi zilizofyonzwa na mti, ingawa faida hiyo ni ya kweli iwapo tu msitu umepandwa upya na mbao zenyewe hazitaoza mapema.

Kwa hiyo, kadiri gridi za umeme zinavyosafishwa, uzito wa mjadala unahama kutoka umeme unaotumika kwenda kwenye malighafi zilizotumika kujengea. Wanaotengeneza bidhaa za ujenzi wanaweza kuombwa tamko la kimazingira la bidhaa, yaani waraka unaoeleza hewa ukaa na athari nyingine za bidhaa hiyo, ambalo kwa Ulaya huandaliwa kwa kufuata kiwango cha EN 15804. Ningeshauri liombwe wakati wa zabuni, bidhaa ikiwa bado haijachaguliwa.

Mhandisi wa Mitambo

Naomba kuongeza jambo ambalo wasanifu wengi hulisahau mpaka kuvu itokee ukutani, nalo ni unyevu. Hewa yenye nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi joto 26 au chini ya hapo. Chumba chenye kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 22 kina nyuso nyingi zilizo chini ya kiwango hicho. Katika maeneo ya joto na unyevu, mvuke husukumwa kutoka nje kwenda ndani, kinyume kabisa na maeneo ya baridi ambako mvuke wa ndani hutafuta njia ya kutoka.

Matokeo yake ni kwamba karatasi ya plastiki ya kuzuia mvuke, ambayo katika nchi za baridi huwekwa upande wa ndani wa kihami joto, ikiwekwa upande huo huo katika jengo lenye kiyoyozi la ukanda wa joto, mvuke utaingia ukutani, utaikuta karatasi hiyo ikiwa baridi na kugeuka maji ndani ya ukuta. Rangi ya mafuta au karatasi za ukutani za plastiki huleta madhara hayo hayo. Kizuizi kikihitajika, kiwe nje, na upande wa ndani uachwe uweze kupumua. Mianya pembezoni mwa fremu nayo izibwe vizuri, kwa maana hewa inayopenya mwanya mmoja hubeba unyevu mwingi kuliko ule unaopenya ukuta mzima taratibu.

Pia tusisahau madaraja ya joto, yaani sehemu za ganda ambazo joto hupenya kwa urahisi kuliko kwingine. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao. Fremu ya alumini isiyo na kitenganishi cha plastiki ngumu katikati yake hupunguza kwa kiasi kikubwa manufaa ya kioo kizuri kilichowekwa ndani yake, na katika hali niliyoieleza fremu hiyo hutokwa na jasho kila siku.

Mhandisi wa Usalama wa Moto

Ninaunga mkono yote yaliyosemwa, lakini sitapenda uzi huu uendelee bila suala la moto. Tarehe 14 Juni 2017 jengo la ghorofa la Grenfell Tower jijini London liliungua na watu 72 wakapoteza maisha. Kuta zake za nje zilikuwa zimevishwa vihami joto vya povu na paneli za alumini zenye kiini cha polithini, katika ukarabati uliokamilika mwaka 2016, na kuboresha uhifadhi wa joto kulikuwa miongoni mwa malengo ya ukarabati huo. Ukuta wenye uwazi nyuma ya paneli unahitaji uwazi huo ili ukauke, lakini moto ukiingia humo uwazi hugeuka bomba la moshi na kuupandisha moto ghorofa hadi ghorofa.

Kwa majengo marefu nashauri bila kusita vihami joto visivyoungua, kama vile pamba ya mawe, hata kama ukuta utaongezeka unene kidogo. Vizuizi vya moto viwekwe ndani ya uwazi kwenye kila sakafu na kuzunguka kila dirisha, vya aina inayovimba ikipata joto, ili hewa ipite siku za kawaida na njia ifungike siku ya moto. Vikaguliwe kabla paneli hazijafungwa, kwa kuwa baada ya hapo hakuna atakayeviona. Mbao na malighafi nyingine za mimea zina nafasi yake, hasa katika majengo mafupi, na zisitumike kwenye kuta za minara bila majaribio ya ukuta mzima kama utakavyojengwa.

Mleta uzi

Mkuu, mchango huu ninauchukua wote. Ukuta unaookoa nishati na kuhatarisha wakazi hauwezi kuitwa ukuta mzuri, na mteja anayeomba povu kwa sababu ni jepesi na rahisi aelezwe hivyo waziwazi.

Mwanafunzi wa Usanifu

Shikamooni wakubwa zangu. Tunafundishwa kwamba kuta nene za udongo hupooza nyumba. Je, ni kweli kila mahali? Na je, matofali ya udongo yaliyoshindiliwa yana hewa ukaa ndogo kweli, ikiwa nayo huchanganywa na saruji?

Mleta uzi

Marahaba. Ukuta mzito hulimeza joto la mchana na kulitoa baada ya saa kadhaa. Hilo lina faida pale usiku unapopoa vya kutosha, kama katika nyanda za juu na maeneo makavu, kwa sababu ukuta hupata nafasi ya kupoa kwa ajili ya kesho yake. Mahali ambapo usiku hubaki na joto na unyevu, ukuta mzito wa chumba cha kulala hutoa joto lake saa ile ile ambayo watu wanataka kulala. Huko kinachofaa zaidi ni ukuta mwepesi uliokingwa na jua, wenye matundu na madirisha yanayotazamana ili upepo upite, na paa lenye rangi nyeupe. Hapo naomba nieleze jambo moja kuhusu bati tupu linalong'aa: hurudisha miale mingi ya jua, lakini ni dhaifu katika kutoa joto lililokwisha kulimeza, hivyo hubaki la moto kuliko bati lililopakwa rangi nyeupe.

Kuhusu matofali ya udongo, kiasi cha saruji ndicho huamua. Mara nyingi asilimia 5 hadi 8 hutosha, na anayezidisha kwa kuogopa mvua huipoteza faida taratibu. Ni heri kuukinga ukuta kwa msingi ulioinuka na upenu mpana kuliko kuuongezea saruji. Itazame Shule ya Msingi ya Gando nchini Burkina Faso, aliyoibuni Francis Kéré na kukamilika mwaka 2001: kuta ni za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa, na paa la bati limeinuliwa juu ya dari kwa viunzi vya chuma chembamba, kwa hiyo hewa hupita kati yake na joto la bati halishuki darasani, huku upenu wake mpana ukizikinga kuta dhidi ya mvua na jua. Kéré alitunukiwa Pritzker, tuzo ya heshima kubwa ya usanifu majengo, mwaka 2022. Ukiichunguza sehemu ya jengo hilo iliyokatwa kwa mchoro, utaona kwamba paa, dari na ukuta vimebuniwa kama kitu kimoja, na hilo ndilo ningependa ulichukue.

Msimamizi wa Majengo

Mimi ninasimamia jengo la ofisi la zamani lenye ukuta wa kioo. Wamiliki wanataka kioo chote king'olewe kiwekwe kipya cha kisasa. Je, huo ndio uamuzi sahihi kwa mtazamo wa hewa ukaa?

Mleta uzi

Ndugu, kabla ya kung'oa chochote, pima mambo matatu: hali ya fremu, hali ya raba na gundi zinazoziba, na kiasi cha jua kinachoingia kila upande. Mara nyingi fremu ni nzima na tatizo liko kwenye raba, au kwenye upande mmoja tu wa jengo. Katika ukarabati wa Empire State Building jijini New York, madirisha 6,514 yalitolewa na kufanyiwa kazi katika karakana iliyowekwa ndani ya jengo lenyewe. Vioo vilitenganishwa, utando wa kupunguza joto na gesi vikaongezwa kati yake, na zaidi ya asilimia 90 ya vioo na fremu vikatumika tena. Kazi ilifanyika bila kuagiza tani nyingi za kioo kipya kutoka kwenye matanuri yanayofanya kazi katika nyuzi joto zinazokaribia 1,600.

Kwa jengo lako ningeanza na vikinga jua vya nje upande wa magharibi na mashariki, iwapo nguzo na sakafu zinaweza kuubeba uzito wake, kisha kubadilisha raba, kisha kurudisha madirisha yanayofunguka pale inaporuhusiwa. Baada ya hapo pima tena matumizi ya umeme kwa mwaka mzima, ukilinganisha miezi inayofanana. Kioo kipya kibaki kwa pande ambazo hatua hizo hazikutosha.

Na ikifika siku ya kukibadilisha, muombe msanifu jambo moja la ziada. Kioo cha tabaka mbili kilichozibwa hudumu takriban miaka 20 hadi 30 kabla ya unyevu kuingia kati ya tabaka zake, ilhali nguzo na sakafu za zege zinaweza kudumu mara mbili au tatu ya muda huo. Kwa hiyo kila kioo kifungwe kwa namna ambayo fundi ataweza kukitoa kimoja kimoja kutoka ndani, kwa skrubu na vibanio badala ya gundi ya kudumu, na michoro ya ufungaji ikabidhiwe kwa mwenye jengo pamoja na orodha ya malighafi zilizotumika, ili atakayekuja kukarabati ajue ni kipi kinaweza kurudishwa kiwandani na kipi kinaweza kutumika tena pale pale.